Kiganja Juu ya Kikombe

Mwanangu aliuchagua mkahawa ule kwa sababu jiko lake linaonekana. Hakusema hivyo. Alisema tambi zao zinasifiwa, alisema hakuna kelele, alisema uko karibu na pale treni ya bluu na treni ya kijani zinapokutana, kwa hiyo hakuna mama atakayesumbuka kuliko mwenzake. Mimi nakaa Rissne, napanda ya bluu. Yule mama mwingine anakaa Hagsätra, mwisho kabisa wa ya kijani. Maelezo yalikuwa mazuri mno, na mimi maelezo yakiwa mazuri mno huwa natafuta kilichofichwa nyuma yake. Nilipofungua mlango nikamwona mpishi wa Kijapani amesimama nyuma ya kioo, anakata kinyunga kwa kisu kipana, mikono yake ikionekana na kila mtu, nikaelewa. Mtoto wangu alikuwa ameizunguka Stockholm nzima akitafuta mahali ambapo mama yake hawezi kuogopa chakula.

Na bado niliogopa.

Niseme wazi mapema ili nisionekane nimerukwa na akili. Mimi ni mtu wa Bukavu. Kwetu mtu akikukaribisha soda, anaifungua mbele ya macho yako, uisikie ikilia mwenyewe. Akikumiminia kitu chochote, anaonja yeye kwanza, ndipo anakupa. Hakuna anayeona ni dharau, ni adabu tu, kama kupiga hodi mlangoni. Watu husema wenye kazi ya sumu huficha unga kidogo chini ya ukucha wa kidole gumba, wanakupa kikombe gumba likiwa limezama ndani, na wewe unasema asante. Sijawahi kuona jambo hilo kwa macho yangu. Lakini tangu nikiwa msichana, mtu akinipa kikombe, sitazami uso wake, natazama gumba.

Tabia hiyo nilikuja nayo Sweden. Nguo niliacha, picha niliacha, hiyo sikuiacha.

Yule mama alikuwa rafiki yangu. Tulifika msimu mmoja wa baridi, tukajifunza kutembea juu ya barafu tukiwa tumeshikana mikono, tukicheka kwa aibu. Alikuwa analea binti yake peke yake, na mimi nilikuwa na mume na mtoto mmoja wa kiume. Alijua kupika kuliko sisi sote. Katika kanisa letu pale Rissne, iwe harusi, iwe ubatizo, iwe kilio, sufuria zilikuwa zake: sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, mandazi, na ile chai yake ya tangawizi iliyowatoa watu jasho wakati nje theluji inaanguka. Kazi ya kuonja hatukumdai tena. Tulikuwa tumefikia hapo.

Kisha mume wangu akafa. Ijumaa alikula samaki nyumbani kwa rafiki yangu, tulikula wote, ila yeye aliongeza mara mbili. Jumapili asubuhi alianguka bafuni na hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Walinipa karatasi, nikaisoma, nikaikunja. Moyo gani? Mtu aliyekuwa anapanda ngazi ghorofa tano na mifuko miwili mikononi? Kichwani mwangu kulikuwa na Ijumaa na kulikuwa na Jumapili, na katikati yake kulikuwa na sahani ya samaki.

Siku ya matanga ukumbi wa kanisa ulijaa. Nilikaa mbele, kwenye kiti cha mfiwa, mbele yangu meza ndogo yenye kikombe kitupu. Yule mama alitoka jikoni na birika la chai, akanijia mimi kwanza, kama inavyotakiwa. Alipoinamisha birika, nikaweka kiganja changu juu ya kikombe.

Sikusema neno. Huo ndio uliokuwa utetezi wangu kwa miaka kumi na moja: sikusema neno. Lakini ukumbi mzima uliona. Mama aliyekaa kando yangu akasukuma kikombe chake mbali taratibu. Wa nyuma yake vilevile. Rafiki yangu alibaki amesimama na birika, halafu akageuka, akarudi jikoni nalo likiwa limejaa.

Baada ya hapo hakuna aliyemgombeza wala kumuuliza. Sisi hatufanyi hivyo. Kila Jumapili alileta mandazi, na kila Jumapili mandazi yalibaki mezani mpaka watu wakaenda zao. Jina lake likatoweka kwenye orodha ya wapishi, na hakuna aliyesema nani amelifuta. Mwaka uliofuata akahamia Hagsätra, akatafuta kanisa lingine. Nilipumua.

Kitu ambacho sikukipangia ni watoto. Mwanangu na binti yake walikuwa wamecheza pamoja chini ya meza za ukumbi ule, wakatenganishwa na kiganja changu, wakaja kukutana wenyewe ukubwani, mimi sijui wapi. Walinificha kwa muda mrefu. Alipokuja kuniambia atamwoa, nilipiga kelele nikasema mambo ambayo sitayaandika. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia kwa Kiswidi, lugha anayotumia na watu wa ofisi, ndipo nikajua hatanii: harusi itakuwa moja, na meza ya wazazi itakuwa moja. "Kama huwezi kula na yeye, Mama, utabaki nyumbani. Sitaandaa meza mbili."

Ndiye mtoto pekee niliyenaye. Kwa hiyo nilivaa kitenge kizuri, nikavaa koti juu yake, nikaenda kula tambi za Wajapani na mtu niliyekuwa nimemkimbia miaka kumi na moja. Kama ningeweza kula mbele yake mchana ule, ningekaa kwenye meza ya mwanangu. Kama ningeshindwa, nisingekaa.

Alikuwa amefika kabla yangu. Hilo halikunipendeza. Anayefika kwanza anachagua kiti, na anaweza kugusa vitu. Nilimvuta mwanangu kando ya mlango.

"Amekuya saa ngapi?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu."

"Dakika tano zilizopita."

"Na amegusa nini?"

Alifumba macho, akayafumbua, akanivua koti bila kujibu. Binti hakuwepo. Alikuwa zamu hospitalini, au ndivyo nilivyoambiwa. Nadhani alishindwa kuja kuangalia.

Yule mama alisimama. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe pembeni, na mabega yamepungua. "Uko muzima, mama?" akasema.

"Niko muzima. Na weye?"

"Mungu anasaidia."

Tukakaa. Akaweka mikono yake miwili mezani, viganja chini, vidole vimenyooka, na hakuitoa hapo mpaka chakula kilipokuja. Nilitazama magumba, bila shaka nilitazama. Kucha zilikuwa zimekatwa hadi kwenye nyama, na kwenye gumba la kulia palikuwa na alama nyekundu ya mkasi uliopita mno. Alikuwa amezikata kwa ajili yangu. Alijua nitatazama wapi. Na mimi, badala ya kuona huruma, wazo la kwanza lilikuwa: mtu asiye na kitu moyoni anakata kucha za nini? Niliona haya kwa wazo hilo. Lakini haya haikunizuia kutazama mara ya pili.

Mezani palikuwa na glasi tatu za maji, zimeshamiminwa. Niliichukua yangu, nikaiweka kwenye meza tupu ya jirani, nikachukua glasi ya pale. Mhudumu, msichana mwenye aproni ya bluu, aliniona. Nikamwambia kwa Kiswidi changu kwamba ile ilikuwa na doa. Akaomba radhi kwa doa ambalo halikuwepo.

Mwanangu aliagiza kwa ajili yetu sote: tambi za soba, baridi, kila mtu na zake. "Kila mtu ana sinia yake, Mama," alisema akitazama orodha ya vyakula. "Kila mtu na mchuzi wake. Hakuna kuchangia." Wala hakuinua uso. Nikamwuliza mhudumu ni unga gani ule wa kijivu, akasema ni wa bovete, nafaka nisiyoijua, akaniletea na mbegu zenyewe kwenye kisahani: nyeusi, ndogo, zenye pembe tatu. Nilizinusa. Kama ni unga, nilijua unga. Huu ulikuwa na harufu ya mtama uliokaa ghalani.

Nilikuwa nimeomba kiti kinachotazama jikoni, basi nikafanya kazi niliyoijia. Mpishi alitandaza kinyunga kwa mti mrefu, akakikunja kama mtu anayekunja shuka, akaweka ubao juu yake, akakata, akakata, akakata, nyuzi nyembamba sawasawa. Akazitumbukiza kwenye sufuria kubwa. Mvuke ukapanda. Akazitoa haraka, na hapo ndipo aliponichanganya, akaziosha. Akaziosha kwa maji baridi, akazisugua kwa mikono kama mtu anayefua soksi. Chakula kilichoiva! Kwetu chakula kilichoiva kinaoshwa kikiwa kimeanguka chini tu. Nilimgusa mwanangu mguu chini ya meza. Akasema ndivyo inavyofanywa.

"Na nani alikwambia?"

"Mama. Ndivyo inavyofanywa."

Sinia zikaja. Mkeka mdogo wa mianzi, tambi za kijivu juu yake, kikombe cha udongo chenye mchuzi mweusi, vitunguu, na kitu cha kijani nilichokisukuma pembeni mara moja. Sikupenda weusi wa ule mchuzi. Nilishika vijiti nikavishusha. Yule mama naye hakuanza. Mzee wa Kijapani aliyekaa dirishani alikuwa anafyonza tambi zake kwa sauti ya mtu anayevuta kamasi, na hakuna aliyemkemea.

Mwanangu alinitazama, akamtazama mama mkwe wake, akanyoosha mkono. Akachota tambi kwenye sinia yangu, akazichovya kwenye kikombe changu, akala. Akatafuna, akameza, akafungua mdomo kidogo kama mtoto anayeonyesha amemaliza dawa. Mimi sikumwomba. Alinionjea mbele ya yule mama.

Yule mama aligeuza uso akatazama dirisha. Kwa hiyo imemchoma, nikajiambia. Na sijui kwa nini niliridhika, kisha papo hapo sikuridhika tena.

Tukala. Yeye aliomba uma, mimi nikakazana na vijiti kwa ukaidi. Tambi zilikuwa na ladha ya udongo mzuri na ya moshi kidogo, na mchuzi ulikuwa wa chumvi na utamu pamoja. Nilimkumbuka bibi yangu na ugali wake mweusi, nikaficha.

"Inafanana bugali ya mtama," yule mama akasema polepole, bila kumwambia mtu.

Ilinikera kwamba amelisema yeye kwanza. Nikaitikia kwa kichwa tu.

Mwanangu akaanza habari za harusi, ukumbi, wageni. Alipofika kwenye chakula, ulimi ukamkwama. Yule mama akamsaidia. "Miye sitapika," akasema. "Nimekwisha ambia batoto. Batafute mutu mwingine. Batu bakule kwa amani." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema hatakuja kwa sababu ana zamu. Nilishukuru kimoyomoyo, na shukrani yenyewe ilinichoma, kwa sababu hakuna mtu ambaye watoto wale walitamani awapikie kuliko yeye.

Nikafikiri tumemaliza. Sinia zilikuwa tupu, nilikuwa nimekula, nilikuwa nimeshinda. Ndipo mhudumu akarudi na chombo chekundu cha pembe nne chenye mdomo, kinatoa mvuke, akakiweka mezani. Akaeleza akitabasamu: haya ndiyo maji yaliyochemshia tambi. Mnayamimina kwenye mchuzi uliobaki kikombeni, mnakunywa. Ndivyo mlo wa soba unavyofungwa.

Chombo kimoja kwa watu watatu.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa anakitazama kile chombo kama mtu aliyeona polisi. "Sikujua," alisema. Hadi leo simwamini.

Maji yalikuwa meupe, mazito, kama uji mwepesi. Kwetu maji yaliyochemshia chakula yanamwagwa nje. Na hata kama yangekuwa maziwa ya asali, kilikuwa chombo kimoja, na chombo kimoja kinataka mtu mmoja akimimine. Mhudumu alikuwa amekiweka karibu na mkono wa yule mama. Sisi watatu tulijua kinachofuata. Anayemimina huonja kwanza.

Aliinua mikono yake kutoka mezani, alikoirudisha baada ya kula. Akakishika chombo kwa ncha za vidole, magumba yakiwa mbali na mdomo wake, nje, ili niyaone. Akakipeleka kwenye kikombe chake mwenyewe. Alitaka kuonja kwa ajili yangu. Mwanamke wa miaka sitini alikuwa anajipeleka mbele ya hakimu kwa mara nyingine, kwa hiari yake, ili binti yake aolewe kwa amani.

Na mimi nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kila asubuhi naingia kwa ufunguo, nachemsha kahawa, natoa vidonge kwenye karatasi zake, naviweka kwenye kijiko, na wale wazee wa Kiswidi wanafungua mdomo bila kuuliza. Hawajawahi hata mara moja kuniambia nionje. Vidonge vya moyo navijua kwa rangi, sihitaji kusoma. Miezi mitatu baada ya matanga nilikuwa natoa nguo za marehemu ili nizigawe. Kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la baridi nilikuta karatasi tatu za vidonge, hazijaguswa, pamoja na barua ya daktari ya kumwita arudi. Alikuwa ameambiwa. Alikuwa ameambiwa, akanyamaza, akaendelea kupanda ngazi na mifuko yake miwili, ili mimi nisijue.

Nilikaa kitandani mpaka mchana ukaisha. Nilimkasirikia marehemu. Kisha, na hili ndilo gumu kuliandika, nikagundua kwamba sitaki kumwondolea rafiki yangu lawama. Kama si yeye, basi ni nani? Ni mimi, niliyelala kando ya mtu yule kila usiku na sikusikia moyo wake. Nilivifunga vidonge ndani ya soksi, nikavitupa kwenye taka. Jumapili iliyofuata mandazi yake yalikuwa mezani, ya moto, na nikapita. Ningeweza kuchukua moja. Ningechukua moja tu, nikala nimesimama, ukumbi mzima ungeona na mambo yangekwisha. Nikapita.

Mtu anaweza kuniuliza: sasa kama ulijua, uliogopa nini siku ile kwenye tambi? Nitajibu. Kwanza, nilikuwa nimeulisha uongo wangu muda mrefu hadi mwili ukauamini. Pili, mtu niliyemfanyia vile, sasa ndiyo alikuwa na sababu ya kuniua.

"Usionje," nilisema.

Chombo kikasimama hewani.

"Nimiminie miye kwanza."

Alinitazama kutafuta mtego. Hakuuona, au aliuona akaukubali, akanimiminia. Maji meupe yakaingia kwenye mchuzi mweusi yakageuka rangi ya chai. Nikanywa. Nilikunywa yote, bila kupumzika. Yalikuwa ya moto na ya chumvi, na yalishuka taratibu. Mwanangu aliweka kiganja machoni.

Nikajiona mtu mkubwa. Nikauchukua ule mzigo mzuri wa kusamehe, mimi, nikakipokea chombo kutoka mikononi mwake, nikakipeleka kwenye kikombe chake.

Akaweka kiganja chake juu ya kikombe.

"Aksanti," alisema. "Nimeshiba."

Vidole vimebanwa pamoja, mkono umelala sawa, kama nilivyofanya mimi. Mwanangu aliona. Siku ya matanga alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, amesimama ukutani, naye hajasahau. Mimi nilibaki na chombo hewani. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa hasira: ananidhania nini, huyu? Nimtilie kitu? Mimi? Kisha mkono ukaanza kuuma kwa uzito, na nikaelewa muda ule ni mrefu kiasi gani ukiwa wewe ndiye uliyesimama na birika.

Nikakiweka chini.

"Alikuwa na dawa ya moyo," nilisema.

"Nani?"

"Baba yake huyu. Nilizikuta kwenye koti. Dakitari alimupa, hakumeza hata moja."

Hakuondoa kiganja. "Ulizikuta siku gani?"

"Miezi tatu nyuma ya matanga."

Midomo yake ikasogea, akirudi nyuma. "Nilikuwa ningali Rissne."

"Ulikuwa ungali."

"Nilikuwa ningali naleta mandazi."

"Ndiyo."

Mwanangu akasema "Mamma", kwa Kiswidi, akaishia hapo. Akasimama, akatoka nje bila koti, na kupitia kioo nilimwona amesimama kwenye theluji iliyoyeyuka, ametupa mgongo. Niliogopa kwamba nimempoteza yeye pia, pale pale, kwa sababu ya maneno yale. Lakini yalikuwa yameshatoka.

Nilimngoja yule mama anitukane. Ningependa anitukane. Alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe juu ya kikombe.

"Miye nilifikiri ni ile samaki," alisema.

Sikuelewa.

"Nilifikiri labda ile samaki ilikuwa imeharibika na sikujua. Miaka yote hii. Nilikuwa nauliza Mungu kama niliua mutu kwa mikono yangu bila kujua. Haukuwa weye peke yako uliyeogopa chakula yangu, mama. Hata miye. Kule Hagsätra niliacha kupika. Mutoto wangu amekomaa kwa mikate na chakula ya shule. Nilikuwa naogopa kumuua."

Nililia. Nililia mbele ya Wajapani na Waswidi, kwa sauti, na mhudumu akaleta karatasi za kujifutia akadhani ni habari za msiba. Kila siku ya miaka ile nilijua namchukia mtu asiye na kosa. Sikujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelibeba kosa hilo kama lake.

Yeye hakulia. Alingoja nimalize.

"Utasema?" akaniuliza.

"Nimekwisha sema."

"Apa banasikia Bajapani tu. Utasema kule. Kwa ile ukumbi, pale ulikuwa umekaa."

"Nitasema."

"Yenga hii."

"Yenga hii," nikasema. Jumapili hii.

Ndipo alipoinua kiganja. Kilikuwa kimelowa jasho, kimebaki na duara jekundu la mdomo wa kikombe. Kikombe kilikuwa na mchuzi wake mweusi vilevile. Hakuniruhusu nimmiminie, na mimi sikuomba. Alivaa koti, akatoka nje, na kupitia kioo nilimwona akimfunga mwanangu skafu yake mwenyewe shingoni.

Jumapili nilisimama ukumbini, mbele, baada ya ibada, nikasema. Nilisema vidonge, nikasema koti, nikasema soksi na taka. Nilitaja miezi mitatu. Mwanangu alikuwa nyuma na mchumba wake, na alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya tambi. Wale wamama waliokuwa wamesukuma vikombe vyao walitazama sakafu, na nilijua kesho simu zitalia, na safari hii mimi ndiye nitakayezungumzwa. Basi.

Yule mama, aliyekuja kutoka Hagsätra na kusikiliza akiwa mlangoni, aliingia na chupa ya chai chini ya kwapa. Alikuja mpaka pale nilipokuwa, akaweka vikombe viwili, akamimina kimoja, akanisogezea. Hakuonja. Alisimama tu, mikono pembeni, wala hakunionyesha magumba. Nikanywa. Tangawizi ilikuwa nyingi mno, kama zamani, ilinichoma koo hadi machozi. Nikamaliza, nikachukua chupa kutoka mezani, nikakishika kikombe chake kitupu, nikamimina mpaka juu, nikamsogezea.

Akakaa. Alikitazama kwa muda mrefu. Hakukifunika, wala hakukiinua.

"Acha ipoe kidogo," alisema.

Ilikuwa ya moto kweli. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikangoja.